Mume Aje Mwenyewe Achukue Karatasi

Mtu akinidharau mimi, Ghati Nyamhanga, naweza kumwachia. Nimezoea. Lakini akimdharau mke wangu mbele yangu, hapo tumekosana mpaka kaburini. Ndiyo maana nilimfanyia yule bwana wa miwani wa Musoma kile nilichomfanyia, na sijutii hata kidogo. Msianze kunihubiria habari za kusamehe kabla hamjasikia habari yenyewe.

Na msishangae kusikia nina mke. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto, kama ana ng'ombe zake, anaoa. Tunaita nyumba ntobhu. Unatoa ng'ombe kwa wazazi wa binti kama mwanaume yeyote anavyotoa, binti anakuja kwako, watoto atakaozaa wanabeba jina la marehemu mumeo, na wewe ndiye unasimama mahali pa baba. Padri alikuwaga hapendi mambo hayo. Akinikuta njiani anatazama pembeni, na mimi namsalimia kwa sauti kubwa makusudi.

Mke wangu anaitwa Petronila. Yeye ananiita mama, mimi namwita mke wangu, na tulikuwa tumeshapata mtoto mmoja wa kike. Tulikaa kijiji cha ujamaa upande wa Bunda, tunalima pamba. Petronila alikuwa amemaliza darasa la saba, jambo ambalo mimi sikulisogelea hata kidogo. Jioni tukitoka shamba alikuwa ananikalisha mbele ya ghala la pamba, anachukua kijiti, ananifundisha kuandika jina langu kwenye vumbi. Nilikosea wiki tatu nzima. Hakunicheka hata siku moja.

Tatizo lake lilikuwa macho. Vya karibu anaona vizuri, uzi anautia kwenye sindano mara moja tu. Vya mbali ni ukungu mtupu. Siku moja nilimkuta amepiga goti njiani anakiamkia kichuguu, "Shikamoo, baba." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alininunia siku mbili.

Sasa mwaka wa sabini na sita serikali ilikuwa inatafuta walimu kwa udi na uvumba, maana watoto wote walitakiwa waende shule na walimu hawakutosha. Wakasema hata waliomaliza darasa la saba watafundishwa kazi huko huko vijijini. Walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, ndivyo walivyoitwa. Petronila akaitwa Bunda kwenye usaili. Maswali ya mdomo alijibu yote. Kisha afisa elimu akamwambia asome maandishi ya ubaoni, na mke wangu akasogea, akasogea, mpaka chaki ikamshika puani.

"Binti," afisa akamwambia, "mwalimu asiyeona ubao ataona watoto?" Hakuwa mtu mbaya. Akampa nafasi moja: Jumatatu ya wiki inayofuata arudi, asimame mlangoni, asome ubao. Akishindwa, nafasi anapewa mwingine, na mwingine alikuwepo nje anangoja.

Petronila alirudi nyumbani akaingia ndani moja kwa moja. Usiku hakula. Katika miaka yote niliyokaa naye hakuwahi kuniomba kitu, hata khanga. Siku hiyo akaniambia, "Mama, mimi nataka kazi hii. Sitaki kitu kingine chochote." Nikamwambia ataipata. Ningemwambia nini tena?

Asubuhi tukaenda misheni. Kulikuwa na Sista Jenoveva, mwanamke wa kilo nyingi na maneno machache, alikuwa na sanduku la miwani iliyotumwa kutoka ng'ambo na watu wasiotufahamu. Kila miwani ilikuwa na kijikaratasi chenye namba zake. Petronila akataka kujaribu moja moja. Sista akafunika sanduku.

"Sivishi mtu miwani ya kubahatisha," akasema. "Atapata kizunguzungu mbele ya huyo afisa wenu. Nendeni Musoma mkapime, mniletee karatasi yenye namba. Zikiwemo humu, anaondoka nayo siku hiyo hiyo."

Basi Alhamisi tukapanda basi la Musoma.

Duka lilikuwa mtaa wa maduka ya nguo, lina kibao kikubwa: FELISIAN, MTAALAMU WA MACHO. Bwana mwenyewe alikuwa kwenye suti ya Kaunda ya rangi ya maziwa, kalamu tatu mfukoni. Watu wanasema alijitambulisha kuwa ni mtu wa Mwanza mjini. Nilikuwa namzidi miaka kama kumi na mitano, hakuniamkia. Nikanyamaza kwa sababu shida ilikuwa yangu. Tukakaa kwenye benchi na wagonjwa wengine mpaka zamu yetu.

Kupima alijua, siwezi kumsingizia. Alimkalisha Petronila kwenye kiti, akamvisha fremu nzito ya chuma, akawa anabadilisha vioo kimoja kimoja. "Hapa vipi? Na hapa?" Ukutani kulikuwa na herufi, juu kubwa, chini ndogo kama sisimizi. Mke wangu alikuwa anakwama mstari wa pili. Kioo kikabadilishwa tena, akasoma mstari wa chini kabisa bila kukwama. Akageuka kunitazama kule kwenye benchi.

"Mama," akasema, "kumbe ukikaa kimya unakunjaga uso hivyo?"

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka, na roho yangu ilikuwa nyeupe kabisa. Nikajua kazi tumeipata.

Bwana Felisian akamvua fremu, akaandika namba kwenye kadi. "Miwani itakuwa tayari baada ya miezi miwili," akasema. "Vioo vinatoka Nairobi."

"Ahsante," nikamwambia. "Sisi tunaomba karatasi ya hizo namba tu. Kupima tumeshalipa."

"Karatasi haitoki."

"Haitoki kwenda wapi?"

"Haitoki dukani. Mkitoka nayo mtakwenda kutengeneza kwingine."

"Ndiyo," nikasema. "Tutakwenda kwingine. Mtihani ni Jumatatu."

Akatikisa kichwa, akaita, "Anayefuata."

Nikasimama. "Bwana, hayo macho ni ya nani?"

"Macho ni yake. Namba ni zangu. Nimezipata kwa mashine yangu na kwa elimu yangu."

"Kwa hiyo daktari akiniambia nina malaria, malaria inabaki kwake?"

Watu wakacheka tena, lakini sasa walikuwa wanamcheka yeye, na nikaona shingo yake inavimba. Mzee mmoja wa kaptula ya kaki akasema, "Ndugu, si umpe tu mwananchi karatasi yake, ni mwili wake." Mwingine akaguna, akasema kuna watu katika nchi hii bado ni kupe. Neno hilo miaka ile lilikuwa linaogopwa. Felisian akaona mambo yanamwendea vibaya, akatafuta mlango wa kutokea.

"Haya," akasema. "Utaratibu ni huu. Karatasi ya mwanamke aliyeolewa anapewa mume wake. Mume aje mwenyewe, asaini, achukue."

Alifikiri amenimaliza. Nikajifunga khanga vizuri, nikasogea mpaka kwenye meza yake.

"Mume ni mimi. Lete nisaini."

Mwee! Yule bwana alicheka. Alicheka akashika meza. "Mume? Wewe? Ushenzi huo uacheni huko huko Butiama, hapa ni mjini! Niletee mwanaume mwenye ndevu. Mwanamke hawezi kuwa mume wa mtu, wala hawezi kuwa baba wa mtu." Kisha akamgeukia Petronila. "Na wewe dada, umesoma, huoni aibu kuchungwa na bibi kizee kama mbuzi? Mwalimu gani wewe?"

Akaitupa kadi kwenye droo, akafunga, akautia ufunguo mfukoni pamoja na kalamu zake tatu.

Petronila alilia pale pale mbele ya watu. Alilia bila sauti, amejifunika uso kwa mkono mmoja, mkono mwingine unapapasa mlango uko wapi. Nikamshika tukatoka. Nikala yamini pale barabarani kwamba na yeye nitamtoa machozi, tena dukani kwake, tena benchi likiwa limejaa.

Kwenye basi nilikuwa nachemka. Nilimtukana Felisian kimoyomoyo kutoka Musoma mpaka karibu na Kiabakari, na katika kurudia maneno yake yote moja moja ili niyachukie vizuri, nikakwama kwenye neno moja.

"Petronila," nikasema, "tulimwambia tumetoka wapi?"

"Bunda, mama. Aliandika kwenye kadi."

"Sasa Butiama nani aliitaja?"

Akafikiri. "Hakuna."

Hakuna! Ndoa kama yangu ipo kwetu sote, kwa Wakuria, kwa Waikizu, kila mahali Mara hii. Mtu wa Mwanza mjini angejuaje hata kwamba ipo? Na kama anajua, kwa nini ulimi umkimbilie Butiama, asiseme Tarime, asiseme kwetu Bunda? Nikamwambia kondakta atushushe Kiabakari.

Pale Kiabakari alikuwepo shemeji yangu Keraryo, ndugu wa marehemu, mzee aliyeswaga ng'ombe za mahari za nusu ya mkoa huu. Ukitaka kujua nani kaoa kwa nani, usiende bomani, nenda kwa Keraryo. Yeye hakumbuki watu kwa majina, anawakumbuka kwa ng'ombe. Nikamweleza: mwanaume wa miaka arobaini, mrefu, sikio la kushoto limekunjika juu, anaitwa Felisian.

"Anavuta pua kabla ya kusema?"

"Anavuta."

"Huyo ni mtoto wa Wankyo," akasema, hata hakuinua kichwa kwenye kiko chake. "Wankyo, mjane wa Wanzagi, pale Butiama. Nilipeleka ng'ombe mwenyewe. Kulikuwa na dume jekundu lenye doa jeupe kwenye paji, lilinisumbua mtoni. Wankyo alioa binti wa Bugwema, binti akazaa huyo mmoja, akafariki mtoto akiwa hajaota meno. Wankyo ndiye aliyemlea. Ni baba, ni mama, ni kila kitu, na ng'ombe zilizobaki aliziuza ili asome."

Nilipiga kigelegele. Keraryo akaniuliza nimepatwa na nini. Furaha ya namna ile sijawahi kuipata hata siku ya harusi yangu, na nimekuwa na harusi mbili.

Ijumaa tukaenda Butiama. Tulimkuta Mama Wankyo amekaa uani anapepeta ulezi. Alikuwa mzee hasa, mwembamba, macho yake meupe meupe, anaangalia juu ya vichwa vyetu. Mawe aliyatoa kwa vidole bila kuutazama ungo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza sisi ni akina nani na ng'ombe zetu ni za ukoo gani, akaridhika.

"Mwanao yuko Musoma, mama," nikasema.

"Felisian!" Uso wote ulifunguka. "Anatengeneza macho ya watu. Krismasi ananitumia sukari."

"Umewahi kufika dukani kwake?"

"Aka. Alisema nisije. Mjini kuna vumbi, litaniumiza macho."

Petronila alinitazama. Na mimi, kwa ulimi huu huu ninaolia ugali, nikamdanganya yule mama. Nikamwambia mwanao ametutuma. Anakuita kesho uende akupime macho, na uhakikishe hutoki bila karatasi yako.

Tulipotoka kuchota maji Petronila akanishika mkono. "Mama, usimwingize huyu bibi kwenye ugomvi wetu. Hajatukosea kitu."

"Unataka karatasi hutaki?"

"Naitaka. Lakini si hivi."

"Basi nyamaza," nikamwambia. Ni neno baya kuliko yote niliyowahi kumwambia mke wangu, na nilimwambia siku hiyo tu. Yule bwana alikuwa amekaa kwenye koo langu, nilikuwa sioni kingine.

Jumamosi duka lilikuwa limejaa, kama nilivyotaka. Hata yule mzee wa kaptula ya kaki alikuwepo. Mama Wankyo alikuwa amevaa gauni lake la kwenda kanisani, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwangu. Nikaingia nikasimama katikati, nikatoa sauti ile ya kumwitia mtu aliyeko ng'ambo ya bonde.

"Bwana Felisian! Uliniambia nilete mwanaume. Wanaume sina. Nimekuletea baba. Baba yako wewe!"

Aliinua kichwa. Ile rangi ya uso wake sijui niieleze vipi. Kioo alichokuwa ameshika kikaanguka, hakikuvunjika, kikabingirika mpaka chini ya benchi.

"Felisian," akasema Mama Wankyo, anageuza kichwa kutafuta yuko upande gani. "Nimefika, mwanangu. Kama ulivyoniita."

Felisian akavuta pua.

"Bibi," akasema, "mimi sikufahamu. Umepotea duka."

Basi moyo wangu uliruka kwa furaha, kwa sababu alikuwa amejichimbia mwenyewe, nami nikafungua mdomo nimmalize. Mama Wankyo akanitangulia. Hakupandisha sauti.

"Sijapotea. Bado unavuta pua ukitaka kusema uongo. Ulivuta hivyo hivyo ulipomaliza maziwa ya ndama ukasema ni paka."

Kuna mtu alianza kucheka, akaacha. Ndipo na mimi nikasema langu. Niliwaambia watu wote kwamba huyu mama alitoa ng'ombe akamwoa mama yake, na mama yake alipokufa alimbeba mgongoni mpaka akaota meno, na aliuza ng'ombe zote zilizobaki ili aende shule kujifunza haya mavioo. "Sasa sema tena," nikamwambia. "Juzi ulisema mwanamke hawezi kuwa baba wa mtu. Sema tena leo, yuko hapa anasikia!"

Felisian aliinamisha uso. Alikuwa anatazama fimbo ya yule mama.

"Nielekezeni kiti," akasema Mama Wankyo. "Si nimeitwa kupimwa?"

Petronila ndiye aliyempeleka kwenye kiti, kwa kuwa mimi nilikuwa bado nahema. Felisian akaja taratibu. Akamvisha ile fremu ya chuma. Akatia kioo. "Hapa vipi?" "Sioni, mwanangu." Akatia kingine. "Na hapa?" "Sioni." Akatia vioo vyote alivyokuwa navyo. Mwishowe akavua fremu, akachukua tochi yake ndogo, akamulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akarudia la kulia. Alikaa na ile tochi muda mrefu mpaka watu wa nyuma wakasimama kuona kuna nini.

"Ni presha ya macho," akasema. "Imekula ndani. Miwani haiwezi kusaidia."

"Nikienda kwa daktari mkubwa?"

"Hapana. Imeshakula yote."

"Ningekuja lini?"

Akaizima tochi, akaanza kuifuta.

"Nimekuuliza, Felisian. Ningekuja lini?"

"Mapema. Kama miaka mitano iliyopita. Kuna dawa ya matone, ingezuia."

"Miaka mitano iliyopita duka hili lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Ehe," akasema Mama Wankyo. "Basi andika. Nimeambiwa nisitoke bila karatasi."

"Niandike nini? Hakuna namba."

"Andika ulichokiona na ulichoniambia. Usiruke hata neno. Huyu binti anajua kusoma, atanisomea."

Akaandika. Alikuwa anaandika na machozi yanamdondokea kwenye suti yake ya rangi ya maziwa, mbele ya benchi zima. Nilikuwa nimeapa kuyaona machozi hayo. Niliyatazama yote, sikugeuza uso, na kama angekuwa na mengine ningeyatazama pia. Alipofika chini ya karatasi akasimama. Karatasi zake zilikuwa za fomu, na mstari mmoja wa kujaza ulikuwa umebaki.

"Panasemaje hapo?" akauliza Mama Wankyo, aliyesikia kalamu imenyamaza.

"Ndugu wa karibu," Felisian akasema.

"Mimi sina mwingine. Andika jina lako, lote, na la Wanzagi usiliache. Halafu andika wewe ni nani kwangu."

Petronila akaipokea, akaisogeza puani kama kawaida yake, akasoma kwa sauti ya darasani, kila mtu akasikia. "Wankyo Wanzagi, wa Butiama. Macho yote mawili hayaoni. Presha ya macho. Angeletwa mapema yangeokolewa. Ndugu wa karibu, Felisian Wanzagi. Mtoto wake."

Hakuna aliyecheka. Yule mzee wa kaki alivua kofia.

Felisian akatoa ufunguo bila kuambiwa, akafungua droo, akanakili kadi ya mke wangu namba kwa namba. Akanisogezea karatasi, lakini mimi nilikuwa sijamaliza naye.

"Anasaini nani?"

"Mume."

"Mume ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Waambie hao."

Akawageukia. "Mume ni huyu mama."

Nikaishika kalamu yake mojawapo, nikaandika GHATI, herufi tano, kama nilivyofundishwa kwenye vumbi. Tulipokuwa tunatoka mwanamke mmoja wa benchini alisimama akasema na yeye anataka karatasi yake, alipimwa mwaka juzi. Kisha mwingine. Nasikia bwana yule aliandika mpaka jioni, na toka siku ile hakuna mtu wa Musoma aliyetoka kwake mikono mitupu.

Jumapili baada ya misa Sista Jenoveva alipekua sanduku, akatoa miwani ya fremu nyeusi, kubwa, ya kiume. Ilimkaa Petronila vibaya, akawa anafanana na hakimu. Jumatatu alisimama mlangoni Bunda akausoma ubao wote, halafu akasoma na kalenda iliyokuwa nyuma ya afisa, na tarehe. Anafundisha mpaka leo. Watoto wanasema anaona mpaka mawazo.

Lakini kuna jambo la kwenye basi, ile Jumamosi tunamrudisha Mama Wankyo Butiama. Petronila hakuwa akinitazama. Karatasi yake alikuwa ameikunja mkononi, nami nilikuwa nimeshinda, na nilikuwa natafuta ile furaha ya Kiabakari siioni. Mwishowe nikajikaza.

"Mama," nikasema, "lazima nikwambie. Felisian hakukuita. Nilikudanganya. Nilikuwa namtafutia aibu, na sikujua macho yako yamefika hapo. Unisamehe."

Mama Wankyo alikuwa anapapasa pindo la gauni lake, pale alipoifunga karatasi.

"Najua hakuniita," akasema. "Ningeingoja mtoto wangu aniite mwenyewe, ningengoja mpaka nife. Na macho ninajua siku nyingi, binti, ulifikiri sijui? Nimekuwa nikisikia joto la jua tu, mwanga wake siuoni."

"Sasa kwa nini ulikuja?"

"Wewe ulikuwa na hasira ya siku mbili," akaniambia. "Mimi nina ya miaka mitano, toka aliponikataza kufika dukani kwake. Nilitaka aandike kwa mkono wake mwenyewe."

Akaifungua ile karatasi, akampa Petronila, akamwambia amsomee tena, aanzie pale kwenye jina la mtoto wake.